Swali la Nesi wa Zamu

Jumatano, 5 Juni

Mpima wangu,

Kwanza kaa chini. Umekaa? Mama yako ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, barua unaanza kuisoma kutoka chini kwenda juu, kama mwanafunzi anayetafuta majibu nyuma ya kitabu cha hesabu. Ni mzima, ila yuko hospitali kubwa, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na ameongezewa damu.

Nikueleze ilivyokuwa. Jumapili mchana alisema tumbo linamkata. Nikamletea chai, akaikataa, na wewe unajua Mama akikataa chai basi mambo yameharibika. Nikakimbia zahanati. Imefungwa, si unajua Jumapili, mlinzi mwenyewe amejilaza kwenye benchi kofia usoni. Mlangoni wamebandika tangazo: ukiwa na mgonjwa na zahanati imefungwa, piga namba hii utaongea na nesi wa zamu. Nikainakili namba kwenye kiganja, nikarudi nyumbani, nikapiga. Nesi akapokea upesi, mwanamke, sauti ya upole. Nikamweleza. Akasema kwa nilivyomweleza inaelekea ni asidi tumboni, anywe maji kidogo kidogo, ale kitu laini, na kesho yake nimpeleke zahanati ikifunguliwa. Nikafanya nilivyoambiwa, neno kwa neno.

Jumatatu asubuhi, navaa viatu, nikasikia kishindo bafuni. Nilimkuta chini, mwili wa baridi, midomo imepauka. Hapo sikungoja zahanati. Jirani yetu mwenye teksi alitoka na bukta yake ya kulalia, akatuwahisha. Daktari anasema ni vidonda vya tumbo, kimoja kinavuja, na hakikuanza kuvuja jana wala juzi. Anasema tungechelewa kidogo tu. Basi, sitaki kuliandika.

Najua simu huko kambini kwenu haishiki, ndiyo maana nampa dereva wa lori la mahitaji barua hii mkononi mwake, na nimemwambia akiipoteza friji yake siitengenezi tena. Usilie ukapima barabara yetu upogo. Mimi nipo.

Fundi wako


Ijumaa, 7 Juni

Fundi,

Nimeisoma nimesimama, mguu mmoja ndani ya mtaro. Wapima wenzangu walidhani nimeumwa na nyoka.

Asidi! Mtu anavuja damu ndani kwa ndani, anaambiwa asidi! Anywe maji kidogo kidogo! Huyo ni nesi au muuza maji? Mama yangu ni mtu wa kuletewa mzaha wa simu kweli? Nimetetemeka tangu jana. Nashukuru Mungu ulikuwepo, nashukuru mikono yako, nashukuru jirani na bukta yake. Lakini huyo nesi simwachi.

Hata mimi niliyesomea pembe na mita najua kwamba mwenye kidonda kinachovuja choo chake kinakuwa cheusi. Ni swali la kwanza hilo. Ukiuliza hilo peke yake unampeleka mtu hospitali bila kuvaa viatu. Kwa hiyo nimeandika malalamiko kwa mkuu wa zahanati, yamo humu ndani ya bahasha nyingine, mpelekee. Nimeandika kwamba nesi wake hakuuliza chochote cha maana, hakuuliza damu, hakuuliza choo, akampa mgonjwa wa hatari maji kama dawa. Au aliuliza choo? Kama nimekosea mahali nisahihishe kabla hujapeleka. Ila najua sijakosea.

Ruhusa ya kuja hakuna. Mkuu wa kambi anasema daraja linaningoja. Mbusu Mama. Au najua hutambusu, wewe hata kumtazama usoni huwezi. Basi mwambie tu.

Mpima wako


Jumatano, 12 Juni

Mpima,

Mama ametoka wodini jana. Anakunywa dawa zake, anakula, sauti imerudi, alimgombeza mfagiaji kwa kuacha vumbi chini ya kitanda. Ila kuna jambo limeniuma. Nilikuwa nimefika na teksi ya jirani, nimemtandikia chumba upya, nimebadilisha hata taa. Akaniambia bila kunitazama kwamba atakwenda kwa Mama Mdogo kwanza, apumzike kwa ndugu yake. Nikasema sawa Mama. Nimempeleka huko, nikashusha mfuko, hakuniambia hata ingia unywe maji. Nadhani ameshanihukumu.

Barua yako ya malalamiko niliipeleka. Nilikaa nayo mfukoni siku nzima kwanza, kazi zilikuwa nyingi, lakini nilipeleka. Wamemsimamisha nesi kazi mpaka kifanyike kikao, Jumatatu tarehe 24. Nami nimeitwa.

Tena nikuambie, Jumatatu kabla Mama hajatoka huyo nesi alikuja wodini. Hana sare, amevaa gauni la nyumbani, kashika chungwa moja mkononi kama mtu aliyesahau alilibeba kwa ajili ya nani. Akamsalimu Mama, akampa pole. Halafu akanivuta pembeni, akaniuliza, "Kaka, nilikuuliza vibaya? Niambie tu, nijue nilipokosea." Nikamwambia maswali yalikuwa mengi, nimesahau. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Chungwa aliliacha dirishani.

Kuhusu ulichoniuliza, simu ilikuwa na kelele. Huenda aliuliza, huenda hakuuliza. Mimi naona tuliache jambo hili, Mama amepona, ya nini kumharibia mtu kazi?

Fundi


Ijumaa, 14 Juni

Fundi,

Simu ilikuwa na kelele? Simu yako ambayo kisikizio kilikufa mwaka jana, ukakataa kuitengeneza wewe fundi mzima, ukawa unaongea kwa kipaza sauti mpaka mtaa wa pili wanajua friji ya nani imekufa? Hiyo ndiyo iliyokuwa na kelele?

Na hili la "kumharibia mtu kazi" limetoka wapi? Na gauni la nyumbani umeliona vizuri, na chungwa umelihesabu. Huyo nesi mzuri sana nini? Niambie mapema nijue, nisiwe huku napima barabara huku nyumbani kwangu kuna mtu anapimwa presha.

Natania nusu. Nusu nyingine sitanii. Mama yangu nusura afe, mume wangu anamtetea aliyetaka kumuua, na Mama amehama nyumba. Unataka nifikiri nini?

Siondoi neno hata moja. Tarehe 24 nenda, simama, useme tu: hakuuliza. Neno moja. Sikuombi zaidi.

Mpima


Jumatatu, 17 Juni

Mama mkwe,

Shikamoo Mama. Natumaini unaendelea vizuri na Mama Mdogo hajambo. Barua hii nimeiweka juu ya nguo zako kwenye mfuko ninaouleta leo, kwa sababu nikifika mlangoni ulimi wangu unakuwa wa mtu mwingine. Nisamehe kukuandikia kama afisa wa serikali wakati tunakaa mji mmoja.

Mama, najua kwa nini hukurudi nyumbani. Una haki. Ila nakuomba usikie kutoka kwangu na si kutoka kikaoni.

Siku ile nesi aliniuliza mambo mengi, nikajibu vizuri. Umri, homa, kutapika. Halafu akaniuliza kuhusu ile haja kubwa. Rangi yake. Mama, hata kuandika hapa kalamu inateleza. Akasema, "Muulize mwenyewe, au mpe simu niongee naye." Nikasema umelala. Hukuwa umelala, nilijua hukulala, nilikusikia ukigeuka. Nikaenda mpaka kwenye pazia la mlango wako, nikasimama. Nikafungua mdomo. Ningeanzaje? Mama, samahani, choo chako? Wewe uliyenipa mke? Mimi ambaye tangu uhamie kwetu naenda choo cha karakana ili tusipishane kwenye ule ukumbi? Nikarudi kwenye kiti, akaniuliza tena, "Kimekuwa cheusi?" Nikasema, "Hapana." Akasema, "Una uhakika, kaka?" Nikasema uhakika kabisa, tena kwa sauti ya mtu aliyekwenda kuangalia na tochi.

Na vidonge vya maumivu vilevile. Aliuliza kama unavitumia. Sikujua. Nikasema hapana, kwa sababu hapana ilikuwa imeshanizoea.

Kwa hiyo si yeye. Ni mimi. Nimeona haya kuuliza swali moja, na wewe ukaanguka. Binti yako anataka nikaseme kikaoni kwamba hakuulizwa mtu kitu. Naomba uniambie nifanye nini, na lolote utakalosema ni haki.

Mkweo


Jumanne, 18 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nguo zimefika. Ulizikunja vibaya, lakini zimefika.

Nilikusikia. Simu yako hiyo hata marehemu wangeisikia. Nilisikia anauliza, nikasikia unasema nimelala, kisha nikaona viatu vyako chini ya pazia. Ulisimama pale mpaka nikachoka mimi niliyelala. Unajua nilikuwa nasema nini moyoni? Nilikuwa nasema, Mungu wangu, huyu asiingie, asiniulize. Uliporudi ukasema hapana, nikashukuru. Nililala kwa upande, nikashukuru kama mtu aliyeponyeshwa. Sasa niambie kati yetu ni nani aliyedanganya? Ningekohoa tu, ningesema "ndiyo" kupitia pazia, ingetosha. Sikukohoa.

Wote waliokuja kunitazama wameniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Wamenichosha. Mimi napenda ile nyingine, mficha uchi hazai. Nimezaa watano mbele ya wakunga na wanafunzi wao, sasa mbele ya mkwe nikajifanya malaika asiyekwenda chooni.

Na usijidanganye kwamba nimekukimbia kwa hasira. Wewe ndiye uliyenikuta bafuni. Hukuandika ulivyonikuta kwenye barua yako, na najua hata kwa binti yangu hukuandika. Ulinikuta nilivyokuwa, nimejichafua kama mtoto, ukanifunika kwa shuka, ukanibeba. Jirani aliniambia ulirudi ukaosha ile sakafu peke yako, ukamkataza asiingie. Tangu siku hiyo nikikuona natamani ardhi ipasuke. Ndiyo maana niko hapa kwa ndugu yangu, ambaye, nikuambie, anakoroma kama jenereta.

Unaniuliza ufanye nini. Mwandikie mkeo ukweli. Jumatatu njoo unichukue, tunakwenda kikaoni wote.

Mama


Jumatano, 19 Juni

Mpima,

Uliniomba neno moja. Nimelileta jingine. Aliuliza.

Aliuliza kama choo cha Mama kimekuwa cheusi. Aliuliza mara mbili. Akaniambia nimuulize mwenyewe au nimpe simu, nikamdanganya kwamba Mama amelala. Niliona haya kumuuliza mkwe wangu jambo la chooni, nikajibu hapana kutoka kichwani. Nesi hakukosea. Kwa majibu niliyompa hata daktari bingwa angesema asidi.

Hakuna kelele kwenye simu. Na nesi ana umri wa shangazi yako mkubwa, kama ulitaka kujua.

Ungejua nilivyojisikia pale wodini aliponiuliza alipokosea! Yeye ananiuliza mimi! Nilitaka kusema, nikaona watu, nikaona Mama anatazama, nikameza. Nikaendelea kumeza hata kwenye barua niliyokuandikia. Nimepeleka malalamiko nikijua ni uongo. Mwanamume mzima, nafungua kompresa ya mtu nikiwa na mafuta mpaka masikioni wala sioni haya, na neno moja la mwili limenishinda.

Sikuombi msamaha kwa barua. Jumatatu nitasema ukweli. Baada ya hapo utaniambia unavyotaka tuishi.

Fundi


Ijumaa, 21 Juni

Nimeisoma. Nimeisoma tena nikidhani nimekosea.

Kwa hiyo mama yangu alilala mchana na usiku wake wote anavuja damu kwa sababu bwana mkubwa anaona haya. Haya! Ungeona haya kumzika je? Ungemuuliza kaburini?

Nilikuachia mama yangu. Nilikuamini kuliko ndugu zangu wa damu. Nikakushukuru kwa maandishi, nikashukuru mikono yako, na wewe ukaziacha shukrani zangu zikae mezani kwako wiki nzima ukizitazama. Na ukaniacha nimwandikie yule mwanamke maneno yale.

Sijui nikuambie nini. Nenda kikaoni, sema utakayosema. Mimi usiniandikie kwanza.


Jumatano, 26 Juni

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sijambo, nimerudi kwako, chumba changu kilekile. Mdogo wangu nimemwachia makoromo yake. Nakuandikia mimi kwa sababu mumeo anasema umemkataza, naye ni mtii mpaka anakera.

Kikao kilikuwa ofisini kwa mkuu wa zahanati, chumba kidogo, viti havikutosha, katibu akakalia boksi la glavu. Nesi alikaa karibu na mlango kama mtu aliyejiandaa kutoka. Mkuu akasoma barua yako yote kwa sauti. Unaandika vizuri, mwanangu. Kila neno lilimwingia yule mwanamke, nikawa naona linavyoingia. Hakuuliza damu. Hakuuliza choo. Akawa anatazama mikono yake.

Halafu mumeo akaitwa. Akasimama. Jasho! Akasema, "Mimi ndiye niliyepiga simu," akasema aliulizwa, akasema, "Nesi aliniuliza kuhusu, kuhusu ile..." Sauti ikakata. Akaanza tena, ikakata palepale. Nikamwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea hata mtoto wangu wa kumzaa. Nikasema, "Kaa, mwanangu. Choo kilikuwa changu."

Nikasimama mimi. Nikalisema lote. Kwamba kilikuwa cheusi, cha kunata, tangu mwezi wa nne. Kwamba nilikuwa nameza vidonge vya magoti tumbo likiwa tupu. Kwamba nilisikia nesi akiuliza, nikajilaza kimya. Mkuu wa zahanati, msomi yule, akawa anatazama dari. Mumeo aliinamisha kichwa mpaka magotini. Lakini nilisema, na hakuna aliyekufa.

Nesi wamemrudisha kazini palepale. Nikafurahi, nikamshika mkono. Akanishukuru, kisha akamwambia mkuu, "Kazi narudi, lakini simu mpeni mwingine. Kuanzia sasa kila atakayeniambia hapana sitamwamini." Walimbembeleza, alikataa. Atafunga vidonda mchana. Basi, hilo hatukuliponya.

Sasa sikiliza. Kabla hatujatoka mkuu aliniuliza, "Mama, nyumbani kulikuwa na mtu mwingine yeyote aliyejua hali yako?" Mumeo amekaa pembeni yangu. Nesi ananitazama. Nikasema, "Hapana."

Umenisikia? Siku ile unafunga mizigo nilikuita bafuni nikakuonyesha. Uliona kwa macho yako. Vidonge ulivijua. Ukaniambia, Mama, usimwambie mume wangu, akijua ataona nimemtupia mgonjwa kisha nakwenda zangu, vumilia nikirudi nitakupeleka. Nikavumilia. Sikukulaumu, nilitaka uende, nilijua ulivyoingoja kazi ile. Lakini nimesikia barua yako ikisomwa mbele za watu, na juzi nikaiona barua uliyomwandikia mumeo. Hakunionyesha, nilimkuta anaisoma jikoni huku maji yamechemka mpaka yamekauka, nikaisoma begani kwake. Ungemuuliza kaburini, umemwandikia. Wewe!

Yeye hajui. Amekaa hapa anakula lawama zote, anazitafuna kimya, anadhani ni zake peke yake. Mimi sitamwambia. Nimesema hapana kwa ajili yako kama alivyosema hapana kwa ajili yangu, na nimeona hapana hizi zinakotufikisha. Hii moja nakurudishia.

Mama


Ijumaa, 28 Juni

Mume wangu,

Mama alisema kikaoni kwamba hakuna mwingine aliyejua. Alinificha. Nilijua.

Siku moja kabla sijaondoka aliniita bafuni, akanionyesha. Kilikuwa cheusi kama lami tunayomwaga hapa kila siku. Nilijua maana yake, si kwa kusomea, nilijua kwa sababu babu alitutoka hivyo hivyo. Niliogopa, lakini si kumwogopea Mama. Niliogopa nafasi yangu. Nikasema ukijua utanizuia, na hata usiponizuia utasema nimekutupia mgonjwa. Nikamwambia anyamaze. Nikapanda lori. Njiani nilikula karanga, nikaimba na dereva.

Kisha barua yako ya kwanza ikafika. Pale mtaroni sikutetemeka kwa hasira, nilitetemeka kwa kujua. Nilipokuuliza kama nesi aliuliza kuhusu choo nilikuwa naomba useme hakuuliza. Nilimhitaji huyo mwanamke awe na kosa. Nilipoandika malalamiko yale kalamu haikukwama popote, nilistaajabu inavyoteleza. Na ulipokiri wewe nilipata wa pili wa kumtupia. Nikakutupia.

Wewe ulisema hapana kwa kuwa hukujua. Mimi nilijua ndiyo.

Ruhusa nayo sikuwahi kuiomba. Nilisema imekataliwa. Sikutaka kuja Mama anitazame. Jana nimeiomba, mkuu wa kambi akanipa kabla sijamaliza sentensi, akashangaa nilichelewa nini.

Nimemwandikia mkuu wa zahanati haya yote. Kwa nesi nitakwenda kwa miguu yangu, barua haitoshi. Lakini wewe ni wa kwanza, na kukuambia uso kwa uso siwezi, nimejaribu kwenye kioo cha gari la kambi nikashindwa kwenye neno la pili. Naona sasa kwamba si wewe peke yako unayeshindwa na neno kwenye nyumba ile.

Kwa hiyo barua hii inakuja na lori la kesho, na mimi niko ndani ya lori hilohilo. Nimemwomba dereva anishushe mimi kwanza kwenye ofisi ya mizigo, kisha akuletee barua karakana. Unapoisoma mimi nimekaa kwenye benchi la nje, na mizigo yangu miwili. Isome yote, uanzie juu. Ukiona bado una mke, njoo unichukue. Usipokuja sitakulaumu, nitakwenda kwa Mama Mdogo. Ofisi wanafunga saa kumi na moja, lakini benchi liko nje, wataniacha nikae.

Mkeo